Nani anaihakiki mizani ya hewa migodini Ituri?

Ukimpelekea mnunuzi wa dhahabu mjini Bunia kipande chako, hakuna atakayekushangaa ukimwambia aweke kwanza jiwe la mzani. Ni haki yako. Mzani wa betri unaowaka namba hupewa kwanza uzito unaojulikana ili ionekane kama unasema kweli, na kule vijijini ambako mawe ya mzani ni haba, sarafu kuukuu na njiti za kiberiti zimeshika nafasi yake kwa miaka mingi. Muuzaji akiingiwa na shaka, anakunja karatasi yake na kwenda kwa mwingine. Tola moja ni gramu 11.66, na kwenye gramu watu wa Ituri hawana utani.

Kesho yake mtu huyohuyo, au mdogo wake, anateremka kwa kamba kwenye shimo la Mongbwalu, Kilo au Nizi, na hewa ya mle chini anaipima kwa pua. Pua haifai kwa kazi hiyo. Kaboni monoksidi, gesi inayotoka kwenye bomba la moshi la kila injini, haina harufu, haina rangi, wala haiwashi koo. Ikiingia kwenye mapafu hujishika na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Mtu huanza na maumivu ya kichwa, ambayo kwetu kila mtu huyaita malaria, kisha uchovu, kisha miguu inakataa amri. Anayekufa kwa gesi hii mara nyingi hajui kwamba kuna jambo lolote lililokuwa likitokea.

Kwa nini injini iwe chini ya shimo? Watu wa mjini hudhani ni ujinga wa wachimbaji. Hapana, ni hesabu ya maji. Dhahabu ya Ituri iligunduliwa mwaka 1903, kampuni ya Kilo-Moto ikaundwa 1926, ikataifishwa 1966 na kuitwa OKIMO, na leo inajulikana kama SOKIMO. Kwa zaidi ya karne moja mawe ya juu yamekwishachambuliwa na kuchambuliwa tena. Kilichobaki kiko chini, na chini kuna maji. Pampu ya kawaida ya petroli hufyonza maji, na kufyonza kuna mpaka wake: usawa wa bahari, hata kwa hesabu ya darasani, maji hayapandi kwa kufyonzwa zaidi ya mita 10 na kidogo. Bunia iko takriban mita 1,250 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo mpaka huo unashuka hadi karibu mita 9, na kwa pampu halisi, yenye mpira uliochakaa, ni sita au saba. Shimo likiwa na mita 20, pampu iliyoachwa mdomoni mwa shimo haileti hata tone. Basi inafungwa kamba na kuteremshwa pamoja na injini yake na kidumu chake cha petroli, na moshi wote unabaki mle ambamo vijana watashuka kupiga sururu.

Kanuni za Kongo zinamkataza mchimbaji mdogo kuchimba zaidi ya mita 30. Ni katazo zuri, hasa kwa maporomoko ya udongo. Kwa moshi wa injini halisaidii sana, maana mita 10 zinatosha kabisa kuua.

Wachimbaji wana njia zao za kujihami. Mshumaa au kibatari hushushwa kwanza. Moto ukizimika, watu hawashuki. Njia hii ina ukweli ndani yake, kwa sababu moto wa mshumaa hufa oksijeni inaposhuka kufikia karibu asilimia 16. Ila kaboni monoksidi haizimi mshumaa. Hewa inaweza kuwa na kiasi cha gesi hiyo cha kumwua mtu kwa muda mfupi na mshumaa ukaendelea kuwaka vizuri, ukimwita mtu ashuke. Na pale ambapo mvuke wa petroli umetanda, huo mshumaa wenyewe ndio utakaowasha balaa. Waingereza kwenye migodi yao ya makaa ya mawe walitumia ndege wadogo wa manjano waliokuwa wakizirai kabla ya binadamu, na hawakuachana nao mpaka mwaka 1986, vifaa vya elektroni vilipochukua nafasi yao.

Vifaa hivyo ndivyo vinavyonileta kwenye makala haya, kwa sababu vimeanza kuonekana Ituri. Kigunduzi cha gesi nne kina ukubwa wa simu nene, hufungwa kifuani, bei yake ni dola mia kadhaa, na husoma mambo manne kwa wakati mmoja: oksijeni, kaboni monoksidi, salfidi hidrojeni ile yenye harufu ya yai bovu, na gesi zinazoweza kuwaka. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 19.5 kinapiga kelele. Hewa ya kawaida ina asilimia 20.9. Kaboni monoksidi ikifika sehemu 35 kwa milioni kinaonya, ikifika 200 kinalia kwa nguvu zote. Kwenye sehemu 1,200 wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanahesabu kwamba uhai uko hatarini papo hapo.

Wafadhili wanakipenda. Picha ya kijana aliyevaa kofia ngumu na kigunduzi kifuani inapendeza kwenye ripoti. Nami sina ugomvi na kofia wala kigunduzi. Ninachouliza ni swali lile la mnunuzi wa dhahabu: jiwe la mzani liko wapi?

Maana ndani ya kile kiboksi hakuna kitu kinachodumu. Kihisi cha kaboni monoksidi ni mfano wa betri ndogo: gesi hupenya kwenye tundu dogo, inagusa kemikali, inazalisha umeme kidogo mno, na umeme huo ndio unaogeuzwa kuwa namba. Kemikali hukauka, tundu huziba kwa vumbi na tope. Vihisi vingi vya oksijeni hula madini ya risasi yaliyomo ndani yake kila siku, kifaa kiwe kimewashwa au kimezimwa, na baada ya miaka miwili hivi vimekwisha. Kifaa kilichokaa kabatini bila kutumiwa hakijahifadhiwa; kimezeeka tu bila kufanya kazi.

Kihisi cha gesi zinazowaka ndicho chenye hila kuliko vyote. Kina shanga mbili ndogo zenye waya wa platinamu ndani. Moja imepakwa kichocheo, na gesi ikifika juu yake inaungua kimyakimya, shanga inapata joto, na tofauti ya joto kati ya shanga mbili ndiyo kipimo. Sasa, shanga hiyo inaweza kutiwa sumu. Mafuta ya kulainishia yenye silikoni yanatosha, na hata losheni za mikono za aina hiyo. Risasi pia inaiua. Ikishatiwa sumu haitoi alama yoyote ya ugonjwa: skrini inawaka, taa ya kijani inapepesa, na namba inasoma sifuri. Hewa safi nayo inasoma sifuri. Kwa macho huwezi kutofautisha kifaa kinachosema hakuna gesi na kifaa ambacho hakiwezi tena kuiona gesi. Zaidi ya hapo, kwa kuwa kipimo hiki kinategemea kuungua, kinahitaji oksijeni. Kwenye shimo lililokosa hewa kitasoma kidogo kuliko kilichopo.

Mwamba wa Kilo-Moto si makaa ya mawe, kwa hiyo methani si adui mkubwa hapa. Lakini petroli inayoongezwa kwenye pampu iliyo moto, chini ya shimo, gizani, ni sababu tosha ya kutaka shanga ile iwe hai.

Namna ya kujua ni moja tu: kukipa kifaa gesi ambayo kiasi chake kinajulikana na kutazama kitasema nini. Chama cha watengenezaji wa vifaa vya usalama cha Marekani kinapendekeza jaribio hilo lifanyike kila siku kabla ya kifaa kutumika. Jaribio fupi ni la sekunde chache: gesi inapulizwa, kengele zinalia, basi. Kifaa kisipolia au kikisoma mbali na kiasi kilichoandikwa, kinasawazishwa, yaani kinafundishwa upya kwamba hiki ndicho 100, hiki ndicho 25. Kikigoma kusawazishwa, kihisi kinabadilishwa, na mpaka hapo kifaa hakishuki shimoni hata kama ni kipya na kina jina kubwa.

Kazi yenyewe inatosha kufanyiwa juu ya meza ya mbao. Mtungi wa gesi ya kipimo si mkubwa. Wengi hutumia ule unaobeba lita 58 za gesi iliyobanwa, unaoshikika kwa mkono mmoja. Kwenye lebo yake fundi husoma kwanza tarehe ya mwisho, halafu mchanganyiko: kwa kawaida kaboni monoksidi sehemu 100 kwa milioni, salfidi hidrojeni sehemu 25, methani asilimia 2.5, oksijeni asilimia 18, na kilichobaki ni nitrojeni. Namba hizo hazikuokotwa. Methani huanza kulipuka ikifika asilimia 5 ya hewa, kwa hiyo mtungi umebeba nusu yake: inatosha kukiamsha kifaa, haitoshi kushika moto. Oksijeni ya asilimia 18 imewekwa chini ya ile 19.5 ili kengele lazima ilie.

Fundi huweka kwenye mtungi koki inayotoa gesi kwa mtiririko wa nusu lita kwa dakika, si zaidi. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kudhani kwamba gesi nyingi itafanya kazi iishe upesi. Gesi ikisukumwa kwa nguvu, kihisi husoma juu kuliko ukweli. Kifaa kinashusha hesabu zake ili namba ilingane na lebo. Na kesho yake shimoni kitasoma chini ya kilichopo. Hilo ndilo kosa linaloua. Kosa la kinyume hutokea pale ambapo kofia ya plastiki inayofunika vihisi imelegea na upepo wa Bunia unapita katikati: gesi inachanganyika na hewa, kifaa kinajiongezea hesabu, na kesho kitalia bila sababu. Mpira wa kupitishia gesi nao una siri yake. Mpira wa kawaida, ule wa kukata tu sokoni, hunyonya salfidi hidrojeni kabla haijafika kwenye kihisi, ndiyo maana hutumika aina maalumu isiyonyonya. Mtungi uliopita tarehe hufanya vivyo hivyo: lebo inasema 25, ndani imebaki pungufu. Kwenye karatasi makosa ya namna hii yanaelekea upande wa usalama, kwa kuwa kifaa kitakuwa na kelele zaidi. Shimoni, kifaa kinachopiga kelele za uongo huzimwa siku ya tatu.

Kabla ya gesi kufunguliwa kuna hatua inayoonekana ndogo kuliko zote, ya kukiwekea kifaa sifuri. Unakiambia: hewa hii uliyomo sasa ndiyo safi. Kitakuamini. Ukikiwekea sifuri kando ya jenereta, au pale penye pikipiki zinazounguruma zikisubiri abiria, na hewa ya hapo ina sehemu 30 za kaboni monoksidi, kifaa kitazichukua 30 hizo kuwa ndiyo sifuri yake. Kikishuka shimoni kwenye sehemu 60 kitasoma 30 na kunyamaza, kwa sababu kengele yake inasubiri 35. Kwa hiyo fundi hodari huanza kwa kuzima injini zote za jirani au kutembea mpaka kwenye uwanja wazi, upande ambao upepo unatokea.

Na usalama wa fundi mwenyewe? Gesi ya mtungi huo mdogo ni haba, nje kwenye hewa ya wazi haimdhuru mtu. Hatari iko pengine. Mtungi umebanwa kwa mgandamizo mkubwa. Ukiachwa ndani ya gari juani au ukidondoka na koki ikavunjika, unageuka kombora. Kisha kuna mitungi ya nitrojeni tupu inayotumika kupima kama kihisi cha oksijeni kinaweza kufika sifuri. Nitrojeni ikivuja kwenye chumba kidogo kilichofungwa inaisukuma oksijeni nje, na mwili hauna kengele ya kumwonya mtu kwamba oksijeni imekwisha. Kwa hiyo: nje au madirisha yote wazi, hakuna sigara, mpira wa kutolea gesi umeelekezwa mbali na uso, mitungi imesimamishwa na kufungwa, na kigunduzi cha pili kilicho salama kimewashwa kando. Namba zilizosomwa zinaandikwa daftarini pamoja na tarehe na namba ya kifaa. Daftari hilo baadaye ndilo litakaloonyesha kihisi kinachochoka polepole, wiki baada ya wiki.

Pasipo na mtungi, watu hubuni. Wapo wanaofungulia gesi ya kiberiti cha mkononi mbele ya kihisi na kufurahi kinapolia. Gesi hiyo ni nzito na kali kupita kiasi, inaiumiza ile shanga, na haisemi lolote juu ya kaboni monoksidi ambayo ndiyo tunayoiogopa. Wengine hupulizia pumzi kihisi cha oksijeni. Hili lina maana kidogo: pumzi tunayotoa ina oksijeni ya asilimia 16 hivi, kwa hiyo kengele ya oksijeni inapaswa kulia, na isipolia ujue kihisi kimekufa. Kwa vihisi vingine vitatu, pumzi haina habari yoyote.

Mwinuko wetu nao una neno. Juu ya bahari mita 1,250, mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 86 ya ule wa Mombasa. Oksijeni bado ni asilimia 20.9 ya hewa, ila hewa yenyewe ni pungufu. Vipo vihisi ambavyo kwa kweli hupima msukumo wa oksijeni, si asilimia yake. Kihisi cha aina hiyo kilichosawazishwa pwani kikifika Bunia kitasoma karibu asilimia 18 na kuanza kulia palepale mezani. Mwenye kujua atakisawazisha upya hapa hapa, kwenye mwinuko wa kazi. Asiyejua atasema kifaa ni kibovu, atakitupa sandukuni, na kijana atarudi kwenye mshumaa.

Kuna gesi moja ambayo kigunduzi hiki cha gesi nne hakiioni kabisa, nayo ndiyo inayojulikana kuliko zote mashariki mwa Kongo. Watu wa Goma wanaijua vizuri kwa mazuku yao, yale mabonde madogo kando ya Ziwa Kivu ambako kaboni dioksidi hutoka ardhini na kutuama chini kama maji, ikaua mbuzi na mara nyingine mtoto aliyewafuata. Mle ziwani kwenyewe imehifadhiwa kwa mabilioni ya mita za ujazo, pamoja na methani ambayo mtambo wa KivuWatt upande wa Rwanda huitumia kuzalisha umeme. Dunia ilijifunza nguvu ya gesi hii Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kamerun lilipoitapika usiku na kuua watu zaidi ya 1,700.

Ituri haina volkano ya kutisha, lakini shimo refu lenye vijana wengi wanaopumua, mbao zinazooza na injini inayonguruma lina kaboni dioksidi yake. Watu hudhani kihisi cha oksijeni kitaiona kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa gesi hiyo ikiingia oksijeni inapungua. Tupige hesabu. Kaboni dioksidi ikijaza asilimia 5 ya hewa, oksijeni inashuka kutoka 20.9 hadi 19.9 hivi. Kengele inasubiri 19.5. Kifaa kitanyamaza, na mtu tayari amepita kiwango cha asilimia 4 ambacho wataalamu wanakihesabu kuwa cha hatari ya papo hapo. Anayetaka kuiona gesi hii sharti anunue kihisi chake maalumu, kinachotumia mwanga usioonekana kwa macho, na hicho nacho kina mtungi wake wa kusawazishia. Mwuzaji hawezi kukueleza hayo usipomwuliza.

Majaribio na usawazishaji huu wote hufanyika bila mbwembwe si mbali na hapa. Ukisimama ufukweni Kasenyi au Tchomia, ng'ambo ya Ziwa Albert ni Uganda, ambako CNOOC ilianza kuchimba visima vya Kingfisher mwaka 2023 na TotalEnergies iko Tilenga, kwa mafuta yatakayosafiri kwa bomba la kilomita 1,443 hadi Tanga. Kwenye kazi za visima vya mafuta salfidi hidrojeni ndiyo jinamizi: ikifika sehemu 100 hivi kwa milioni huua kwanza uwezo wa kunusa, na mtu huridhika kwamba ile harufu ya yai bovu imeondoka. Huko kifaa ambacho hakijajaribiwa asubuhi hakivuki geti. Na kwenye ukanda huohuo wa dhahabu wa Kilo-Moto, kaskazini kwetu katika Haut-Uélé, mgodi wa Kibali ulitoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2013 na kushusha shimo la wima la zaidi ya mita 700. Mita 700 watu wanashuka na kupanda wakiwa hai, kwa kuwa hewa inasukumwa kwa mashine na kupimwa. Mita 20 za mashimo yetu ya Djugu zinaua. Kina si kisingizio.

Tofauti ni fedha, bila shaka, lakini pia ni jambo dogo la usafirishaji ambalo halitajwi kwenye hotuba. Kigunduzi husafiri kwenye mkoba wa mtu. Mtungi wa gesi iliyobanwa ni mzigo wa hatari kwa sheria za ndege za dunia nzima: unataka kifungashio chake, hati zake, na ndege iliyokubali kuubeba. Bunia inaishi kwa ndege na kwa barabara zinazotoka Uganda kupitia Mahagi na Aru, na tangu Mei 2021 mkoa uko chini ya hali ya kuzingirwa. Matokeo yake kifaa kinafika na jiwe lake la mzani linabaki Kampala. Baada ya mwaka mmoja kifaa bado kinawaka, bado kinapepesa kijani, na hakuna mtu ndani ya mkoa mzima wa uchimbaji anayeweza kuapa kwamba kinaona.

Wala mtungi si kitu cha kuwashinda watu wanaohesabu dhahabu kwa tola. Lita 58 kwa mtiririko wa nusu lita ni dakika 116. Jaribio fupi likichukua nusu dakika, mtungi mmoja unatoa majaribio zaidi ya 200. Mashimo kumi yenye kigunduzi kimoja kimoja yangejaribiwa kila asubuhi kwa wiki tatu. Bei ya mtungi haifiki ya kigunduzi. Ila hakuna mwenye shimo hata mmoja atakayeagiza mtungi peke yake kutoka ng'ambo, na hapo ndipo kazi ya ushirika inapoanza.

Niseme pia ninavyoamini, hata kama wauza vifaa hawatapenda. Nikipewa nichague kati ya shimo lenye feni ya kusukuma hewa bila kigunduzi na shimo lenye kigunduzi bila feni, nitateremka kwenye la kwanza. Pampu ya umeme inayozama majini, ikilishwa na jenereta iliyowekwa mbali na mdomo wa shimo, upande ambao upepo unaelekea, inamaliza sehemu kubwa ya tatizo la moshi kabla ya kupimwa. Feni na mfereji wa turubai unaofika chini humaliza sehemu nyingine. Kigunduzi kinakuja baada ya hayo, kumwambia mtu kama kazi ya feni imetosha, na kumzuia yule wa pili asimfuate aliyeanguka. Uchunguzi wa taasisi ya afya kazini ya Marekani uliotolewa mwaka 1986 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa kwenye mashimo na matangi ya namna hii walikuwa waokoaji: kaka aliyeona mdogo wake ameanguka akamfuata, kisha rafiki akamfuata kaka. Kigunduzi kilichoshushwa kwa kamba dakika mbili kabla ya mtu kingeweza kuwabakisha juu, mradi kiwe kinaona.

Bunia ina ofisi ya SAEMAPE, shirika la serikali la kuwasimamia wachimbaji wadogo, na ina ofisi ya OCC, ambayo tangu 1974 ndiyo inayokagua ubora na vipimo nchini. Vyama vya ushirika vya wachimbaji vipo pia, na wanunuzi wa dhahabu wanaoishi kwa jasho la mashimo hayo. Meza moja, mitungi miwili mitatu inayoagizwa kwa pamoja kwa hati halali, koki moja, mpira wa aina sahihi, daftari, na fundi mmoja aliyefunzwa, vingetosha kuanza. Kila kigunduzi kinachofanya kazi Djugu na Mambasa kingepita hapo kwa ratiba na kupewa karatasi yenye tarehe, na majaribio mafupi ya asubuhi yakabaki kwenye mashimo yenyewe.

Mpaka meza hiyo ipatikane, ombi langu ni kwa wanaoleta vifaa na wanaovipokea. Mfadhili, usilete kigunduzi Ituri bila mtungi wake, na fedha za mtungi wa pili. Nawe mwenye shimo, unapokabidhiwa kiboksi hicho mbele ya kamera, waulize mambo matatu kabla ya kushika mkono wa mtu: kilisawazishwa lini, kwa gesi gani, na kitasawazishwa wapi mara ijayo. Wasipokuwa na jibu, kirudishe.